Tuliandika "timu nzima imefika" wakati wanne hawapo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Kwa miaka mitatu sasa ndiye ninayepanga safari za kikundi chetu cha kutembea. Tulianza watano, tukizunguka alfajiri kabla ya kwenda kazini. Leo tumepita ishirini, na kundi letu la WhatsApp huwa halilali. Lakini tangu turudi pwani ni kimya. Hata wale wa kutuma maua na "asubuhi njema" wamenyamaza.

Safari ilikuwa ya Ijumaa hadi Jumapili, watu 14. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya matembezi yenyewe: kilomita 11 ufukweni, kuzunguka rasi moja yenye jabali hadi ghuba ya pili, ambako gari lingetusubiri. Niliuliza saa ya maji kukupwa nikaambiwa ni saa tano na dakika kumi. Nikapiga hesabu ya kilomita 5 kwa saa, nikaona tukiondoka saa nne asubuhi tutafika rasini, ambako ni kilomita ya 7, maji yakiwa bado yako mbali kabisa. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku wa Ijumaa. Asubuhi bahari ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba tulishangilia, ufuo umekuwa mpana kama uwanja wa ndege.

Tuliondoka saa nne na nusu, kwa sababu mmoja wetu (katika wale wenye kasi, naomba iandikwe) alirudi chumbani kufuata miwani ya jua.

Baada ya nusu saa tulikuwa tumeshagawanyika. Kumi mbele, wanne nyuma. Kati ya wale wanne kuna mama wa miaka 61, mwenye mwavuli wa njano, nitamwita Mama wa Mwavuli. Ndiye mtu wa pili kujiunga na kikundi hiki, kabla hata sijakuwa mratibu. Sisi wa mbele tulivuka mlango wa mto mdogo kwenye kilomita ya 5, maji yakiishia vifundoni, tukapita chini ya jabali miguu mikavu, tukafika mwisho saa saba na kitu. Tukapiga picha mikono juu. Nikaituma kwenye kundi na maneno haya: "Timu nzima imefika!"

Shangazi, sikuwaza. Ni maneno yanayokuja yenyewe.

Wale wanne walifika rasini saa saba na robo wakakuta mawimbi yanapiga jabali. Wakageuka. Walipofika tena kwenye ule mlango wa mto, waliouvuka maji yakiwa chini ya magoti, sasa yalifika kiunoni na yanavuta. Mtandao hakuna. Wakakaa juu ya mawe mpaka mvuvi mmoja alipowaona, akawaonyesha njia ya kupanda kupitia vichakani, akampa Mama wa Mwavuli fimbo yake ya kutembelea. Walipofika juu, simu zikashika mtandao, na ujumbe wa kwanza kuingia ukawa ile picha yetu.

Walitufikia saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyeumia, ila goti la mama lilikuwa limevimba. Hakugombana na mtu. Alisema "nashukuru mmefika salama," akaingia kwenye gari. Jumatatu akajitoa kwenye kundi.

Sasa wenye kasi wanasema kosa ni la walio nyuma, kwamba walikuwa wanasimama kupiga picha na kuokota makombe. Wanataka tuweke kipimo: asiyeweza kilomita 5 kwa dakika 60 asije safari za mbali. Wengine wanasema nijiuzulu. Wengine wamerudia ugomvi wa vyumba, nani aliwekwa na mkoromaji na nani alipata kitanda cha dirishani. Safari nyingine tumeshaipanga miezi miwili ijayo, pwani ileile.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tulipokuwa tunavuka mto niligeuka nikaiona nukta ya njano, mbali sana. Nilijua ni yeye. Nikawaza, nikisema tusubiri wataniona mzito. Nikaendelea.

Nimeandika ujumbe wa kumwomba radhi mara saba na kuufuta mara saba. Je, nina kosa, ikiwa saa ya kuondoka na ya maji niliwatangazia wote? Na hicho kipimo ni haki?

Niliyetangulia

* * *

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi. Kipimo msiweke. Si kwa ajili ya huruma. Ni kwa sababu hakitibu kilichowapata. Shika kalamu tupige hesabu pamoja, maana nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikiisoma naona mnagombania mwendo, wakati safari yenu ilishaharibika kabla hamjakanyaga mchanga.

Wale wanne walitumia karibu saa mbili na dakika 45 kufika rasini. Hiyo ni kama kilomita 2.5 kwa saa. Ukitaka mtu wa namna hiyo awe chini ya jabali maji yakiwa yamekupwa kabisa, saa tano na dakika kumi, alipaswa kuondoka saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Wewe ulipanga saa nne, mkaondoka saa nne na nusu. Kwa hiyo hata kama kila mmoja angekuwa mpole kama malaika, na ninyi kumi mngekaa pale mtoni mkisubiri, nyote 14 mngefika rasini saa saba na robo mkute mawimbi. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo ni la mratibu. Ulitangaza saa, kweli. Lakini watu walikuamini kwamba umeshapiga hesabu kwa miguu yao. Ulipiga kwa miguu yako.

Kilomita 5 kwa saa ni hesabu ya zamani na nzuri. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliitumia kwenye kanuni yake ya mwaka 1892, akiongeza saa moja kwa kila takriban mita 600 za kupanda. Lakini ni hesabu ya mtu mwenye afya, asiyesimama, anayetembea juu ya ardhi. Mchanga si ardhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima watu wakitembea mchangani, ukakuta wanatumia nguvu mara 2.1 hadi 2.7 kuliko wanapotembea kwa kasi ileile juu ya sakafu ngumu. Mguu unazama, mchanga unasogea, na nguvu uliyoitoa kwenda mbele inaishia kusukuma chembe pembeni. Mchanga wenye unyevu huwa mgumu kidogo, maana maji yaliyo kati ya chembe yanazishikanisha, ndiyo maana wazoefu hutembea pale maji yalipotoka kuondoka. Nakuuliza: wale wa nyuma walitembea wapi? Nadhani walitembea juu, kwenye mchanga mkavu, kwa kuogopa kulowesha viatu. Kuna mtu aliwaambia?

Na goti. Ufuo huwa umeinama kuelekea baharini. Ukitembea kilomita 7 kwenda upande mmoja, mguu mmoja uko chini muda wote na mwingine uko juu, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Kijana halioni hilo. Goti la miaka 61 linaliona.

Sasa maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodanganyika, na si watu wa bara peke yao. Mahali ambapo bahari hujaa mara mbili kwa siku, kutoka kukupwa hadi kujaa ni kama saa sita na robo. Lakini maji hayapandi sawasawa saa zote. Manahodha wana kanuni ya kukadiria: gawa tofauti ya kina kati ya kukupwa na kujaa mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza yanapanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuseme tofauti siku ile ilikuwa mita 3. Saa ya kwanza maji yalipanda sentimita 25 tu, na kwenye ufuo mpana kama uwanja wa ndege hakuna atakayeona. Mtu anatazama, anasema "mbona bado yako kulekule," anaokota kombe jingine. Saa ya pili sentimita 50. Saa ya tatu 75, na ya nne 75 nyingine. Wenzako waligeuka rasini saa ya tatu ikiwa ndiyo kwanza inaanza, wakafika mtoni inakaribia kwisha. Ndani ya dakika kama 45 za kurudi bahari ilipanda kuliko ilivyopanda tangu saa tano hadi saa saba kasoro robo. Hawakuchelewa kama mnavyodhani. Maji yalibadilisha mwendo.

Halafu mlichagua siku gani? Siku ya pili ya mwezi mpevu. Mwezi ukipevuka na mwezi ukiandama, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua: maji yanakupwa mbali mno na kujaa juu mno, na makubwa kuliko yote huja siku moja au mbili baada ya mwezi kukamilika. Ule upana mlioushangilia asubuhi ulikuwa ndiyo onyo. Bahari iliyokwenda mbali vile ina deni kubwa la kurudisha, na muda wa kulilipa ni uleule wa saa sita.

Safari ijayo usikimbilie kuchagua maji mafu, yale ya nusu mwezi, ukidhani umemaliza kazi. Ni matulivu, lakini hayakupwi sana, na huenda njia ya chini ya jabali isifunguke kabisa. Basi itabidi mpite juu. Tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu, soma siku yako mwenyewe na si ya jana, maana saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kisha uliza mtu wa pale kama rasi hiyo inafunguka siku hizo. Mkipita chini, piteni maji yakiwa bado yanatoka. Mtu akichelewa huku maji yanatoka, amechelewa tu.

Weka pia saa ya kugeuka, na iwe ya mtu wa mwisho. "Saa nne kamili, kama wa mwisho hajavuka mto, tunarudi wote." Isemwe asubuhi mbele ya wote, kabla mtu hajarudi kufuata miwani. Ukiwa na saa hiyo, siku nyingine ukiiona nukta ya njano hutahitaji ujasiri wa kusema tusubiri. Saa itasema.

Anayefunga msafara achaguliwe kwa jina, na awe mmoja wa wenye kasi. Nimeona vikundi vinamwachia mkia yule aliyechoka kuliko wote, eti kwa kuwa yuko nyuma tayari. Huyo hawezi kukimbia mbele kuleta habari. Mpe kazi hiyo yule wa miwani.

Na kuna dhuluma ndogo ambayo wanaotembea haraka hawaijui kwa sababu hawajawahi kuwa upande wa pili. Wa mbele wanafika kivulini, wanakaa dakika ishirini, wanakunywa maji, wanafunga viatu upya. Wa nyuma anatokea jasho likimtiririka, nao wanainuka: "Haya, mmefika, twende!" Aliyehitaji kupumzika ndiye ambaye hakupumzika. Siku nzima hivyo. Pumziko lianze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa.

Kama wenye kasi wanataka kukimbia, wakimbie. Sioni ubaya wa misafara miwili, mmoja wa kilomita 11 na mwingine wa kilomita 6, kila mmoja na kiongozi wake, mkutane jioni. Ila muamue Ijumaa usiku mkiwa mmekaa. Msiache mchanga uwagawe halafu mseme wamejitenga wenyewe. Na hao wanaolalamikia makombe, waulize walikwenda pwani kutazama nini. Migongo ya wenzao?

Ya vyumba sitayagusa. Mkoromaji apewe chumba chake, basi.

Sasa Mama wa Mwavuli. Nimeyaacha haya mwisho kwa kuwa ndiyo mazito, nawe unayajua.

Huyu mama hakuondoka kwa sababu ya maji. Mtu wa umri wake ameona makubwa kuliko maji ya kiunoni. Alipanda jabali, goti linamuuma, ameshika fimbo ya mtu asiyemjua, simu ikalia, akaona nyuso kumi zinacheka na maneno yanayosema hakuna anayekosekana. Garini mlihesabu watu kabla ya kuondoka nyumbani, sina shaka. Mchangani hamkuhesabu. Ukisoma tena alichokwambia, "nashukuru mmefika salama," utaona ni ninyi mliopaswa kumwambia yeye maneno hayo.

Kwa hiyo acha kuandika na kufuta. Radhi hii haitumwi kwa simu, na haiandikwi kundini ambako watu watakupongeza kwa unyenyekevu. Nenda kwake. Nenda peke yako, siku ambayo hana haraka, ukae chini. Umwambie mambo mawili. La kwanza: nilipanga saa vibaya, na wakati nyote mnalaumiwa kwa mwendo, kosa lilikuwa langu. La pili ni lile ulilonifunulia mimi: nilikuona, nikajua ni wewe, nikaogopa kuonekana mzito, nikaendelea. Usiseme "samahani kama ulijisikia vibaya." Usimweleze bamvua wala manahodha. Usimwombe arudi kundini siku hiyo, maana ukiomba msamaha na kuomba kitu kingine kwenye kikao kimoja, kile cha pili ndicho atakachokisikia.

Huenda akakuuliza kwa nini. Jibu lile fupi linatosha: niliona aibu. Huenda pia asikuulize kitu, akakukaribisha, akakupa habari za wajukuu, na ukatoka bila kujua kama amekusamehe. Kubali. Na asiporudi kwenye kikundi, kubali vilevile. Ana haki ya kutotaka tena kutembea na watu waliomsahau, na hiyo haina maana kwamba anakuchukia.

Mkishaonana, ndipo uandike kundini, mistari mitatu. Kwamba saa ilipangwa vibaya na aliyeipanga ni wewe. Kwamba hakuna kipimo. Kwamba safari ijayo itapangwa kwa mwendo wa mtu wa mwisho na jina la atakayefunga msafara litatangazwa kabla. Usijibizane na watakaokuja na makombe. Ile picha usiifute kimyakimya, watu wameshaiona. Iache, andika chini yake kwamba hapo mlikuwa kumi kati ya 14. Hilo la kujiuzulu, mimi sioni sababu. Mratibu aliyewahi kukosea saa ya maji ataitazama mara tatu maisha yake yote, na kundi lenu likimchagua mpya litaanza naye somo upya.

Kitu kimoja kimenisumbua tangu nisome barua. Mvuvi alimpa mama fimbo, bila shaka mama akaja nayo mpaka kwenye gari, halafu hukuitaja tena. Ikaguliwe chini ya viti. Mkirudi pwani, kabla ya matembezi, mtafute yule mvuvi umrudishie kwa mkono wako, na umwombe akuonyeshe ile njia ya vichakani. Ipande mwenyewe polepole, kwa mwendo wa goti bovu, uone inachukua dakika ngapi, uandike.